Mashine Mbili

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekuacha, na wifi na watoto hawajambo. Sisi huku ni wazima. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa: bado anawatangazia majirani kwamba kitinda mimba wake amempita kaka yake kwa akili.

Huku maabara ni mimi ninayekalia kiti chako. Ile programu uliyoiandika, inayopanga majibu ya vipimo vya wagonjwa kila asubuhi, ipo, ila sasa inaendeshwa kwa toleo jipya la lugha ileile ya kompyuta. Madaktari wanasifu kasi. Wakinisifu, nashukuru huku nimeinamisha macho.

Unakikumbuka kikao kile cha maabara. Niliwaonyesha kwamba kwa toleo la zamani, ulilokataa kuliacha, programu ilichukua dakika kumi na moja, na kwa toleo jipya dakika tatu. Ulisema hakuna toleo lenye uganga wa kiasi hicho, ukaniuliza mbele ya wote kama nilipima yote mawili kwenye mashine ileile moja. Nikajibu ndiyo. Mkuu wetu akacheka, akasema wakongwe hawapendi kupitwa, na mwisho wa mwezi unga wako ukamwagika.

Kaka, kikulacho ki nguoni mwako. Toleo la zamani nililipima kwenye ile mashine kuukuu ya karibu na mlango, na jipya kwenye mashine iliyoletwa wiki ile. Mwanzoni nilipitiwa tu. Lakini asubuhi ya kikao nililiona kosa, nikanyamaza, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu walikuwa wananisikiliza mimi badala yako.

Juzi nilipima upya, yote mawili kwenye mashine mpya. La zamani, dakika mbili na nusu. Jipya, tatu. Nilimpelekea mkuu karatasi ya vipimo. Akasema kazi inakwenda, nisifukue makaburi. Basi nakutumia wewe, nimetia saini yangu chini. Najichukia, kaka. Msamaha sikuombi, maana ukinipa sitajua pa kuuweka. Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili, majirani wakiwapo.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu. Kiti chako sijakipandisha, kiko chini vilevile kwa kimo chako. Miguu inaniuma kwa kukunjwa, na acha iniume.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemfundisha kupima.