Afande na Funguo

Mwaka umekatika, Baba, tangu ututoke, na ganzi haijatuisha. Tunakwenda kazini, tunarudi, tunakula. Tukiulizwa hali tunasema hatujambo.

Ulikuwa askari jela, na wafungwa walikuogopa. Nyumbani ulitupigia pasi sare za shule huku ukiimba vibaya, na ole wake aliyecheka.

Kazi yako ilikuwa kukagua barua. Huko jela, bahasha haitiwi gundi mpaka askari aisome. Ndivyo ulivyomjua kijana aliyefungwa kwa kufungua kufuli za watu, mkambandika jina la Funguo. Alipotoka akawa fundi kufuli, mji wa mbali, akakuandikia kukushukuru kwamba hukuwahi kumcheka kwa barua alizomwandikia mama yake. Bahasha hakuitia gundi, kifuniko alikichomeka tu ndani. "Ikague, Afande," aliandika. Nawe kwa utani wako ukaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Imekaguliwa," ukamweleza hivyo ulipomjibu.

Mkaendelea hivyo miaka na miaka, bila kuonana tena. Mliandikiana kuhusu watoto, bei ya sukari, magoti, na nani kati yenu anazeeka vibaya zaidi.

Tulipompa habari za msiba, ilikuja barua yenye jina lako. Safari hii aliitia gundi, maana mkaguzi hayupo. Mama aliigeuzageuza, hakuifungua. Alichukua kalamu yako nyekundu, akaandika, "Imekaguliwa," akaiweka pamoja na zile nyingine. Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu mazishi. Sisi wengine bado.

Mwezi uliopita tulipokaa kuandika tangazo hili la kumbukumbu, Shangazi aliguna. Mfungwa naye awekwe na ndugu wa marehemu? Sote tukamtazama Mama.

"Mwandikeni," Mama alisema. "Magoti ya mume wangu yalipoanza kuuma, yeye alijua kabla yangu."

Tukampelekea Funguo alisome kwanza, bahasha tukaiacha wazi. Limerudi jana. Hakubadilisha hata neno. Pembeni kuna wino mwekundu: "Limekaguliwa. Pumzika, Afande."

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, wakwe na wajukuu zako, dada yako aliyekubali kwa shingo upande, na Funguo, ndugu yako.

Hutatutoka moyoni, Baba.