Kisu cha Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 2 Juni 1975
Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Nimefundisha darasa la tatu kutwa nzima, sauti imekauka. Jioni nimetoa visu vya Baba kwenye mfuko wake wa gunia. Vinne. Havijaguswa tangu tumzike, Desemba. Jana kanisani nilisimama mbele ya watu wote nikasema sanamu ya Bikira Maria ya kigango kipya nitaichonga mimi, mwana wa mchongaji. Kanisa hilo dogo linabarikiwa tarehe 29. Mdomo wangu huu.

Jumatano, 4 Juni
Visu vya Baba vinanikataa. Nataka kukwangua juu juu, vinazama ndani ya mti. Kipande kizuri cha mti wa mringaringa kimeharibika. Hasira tupu. Baba alichonga msalaba mkubwa wa parokia kwa visu hivi hivi, tena bila kidole gumba cha kushoto, kilicholiwa na mashine ya kumenya kahawa kabla sijazaliwa. Paroko alimtaja kwenye mahubiri mara mbili. Mimi nina vidole kumi na sina kitu.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeshuka Moshi mjini. Duka la vyuma lilikuwa na kisu kimoja tu, cha kukunja, kinang'aa. Nikakinunua kwa kung'aa kwake. Mjinga. Mpini mwembamba, unateleza. Nilipokaza, kikajikunja na kuniuma kidole. Damu hadi kwenye shati. Mama amenifunga kitambaa. Alikitazama kile kisu, akacheka puani.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeshuka mtaa wa Pasua, kwa mhunzi mzee anayefua visu kwa springi za malori. Nikamwamkia, nikampa kisu kidogo cha Baba, nikasema nataka kipya kama hiki. Alikigeuza mara moja akaguna.

"Hiki nilikifua mimi. Usitake kama hiki, mwanangu. Wewe si wa kushoto."

Akanionyesha. Kimenolewa upande mmoja tu, wa kushoto. Ubapa wa pili umeachwa kama ulivyo. Mtu wa mkono wa kulia akikishika, lazima kizame. Vyote vinne viko hivyo. Alikumbuka kwamba Baba alimletea uzi uliopimwa kwenye kiganja. Kiganja kidogo. Kisha akanichagulia changu: chuma kifupi, hakizidi kidole cha kati, mpini mnene unaojaza mkono.

Baba hakuwa wa kushoto. Mkono wake wa kushoto haukuweza hata kushika kibuyu cha pombe ya mbege. Nimepanda mpaka nyumbani kwa miguu na sikumbuki njia.

Jumapili, 15 Juni
Mama anamenya ndizi. Mkono wa kushoto. Miaka thelathini na moja nakula ndizi hizo, leo ndiyo nimeona. Mbele za watu anakula kwa kulia, anasalimia kwa kulia. Akijisahau akapokea kitu kwa kushoto, anaomba radhi.

Nimeweka kile kisu kidogo cha Baba mezani, mbele yake.

"Baba yako alichagua mti, akauza," amesema. "Nani angenunua msalaba wa mwanamke?"

Akaendelea na ndizi zake. Msalaba wa parokia! Nimeupigia magoti tangu utoto.

Jumanne, 17 Juni
Mama amesema sanamu atachonga yeye, mimi niibebe kanisani kama yangu. Kama Baba zamani. Nimekubali haraka. Haraka hiyo imenishtua kuliko yote.

Jumatano, 25 Juni
Amemaliza. Alichongea jikoni, mlango umefungwa. Bikira ana uso wa mama anayesikiliza mtoto akikohoa chumba cha pili. Niliketi chini kuitazama. Kisu changu kipya hakijakata kitu.

Jumapili, 29 Juni
Paroko ameniita mbele. Makofi, vigelegele. Nilifungua mdomo kushukuru, nikasikia nasema, "Amechonga Mama. Na ule msalaba mkubwa pia." Nilisikia kuku nje. Paroko alivua miwani. Mama aliinamisha kichwa, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya kanga. Alitoka kabla ya baraka.

Jumatatu, 30 Juni
Mama hanisemeshi. Mara moja tu: eti nimemvua Baba nguo kaburini. Labda ni kweli. Naona aibu na sijutii, vyote kwa pamoja.

Jumatano, 2 Julai
Bado. Chakula anaweka mezani, anaondoka.

Alhamisi, 3 Julai
Jua kidogo. Mama ametoa kigoda, ameketi mbele ya nyumba, pale wanapopita watu wa sokoni, kipande cha mringaringa magotini. Wanawake wawili wa kwaya walisimama, wakasalimia, wakabaki wanatazama. Akaniita nilete kile kisu kidogo. Nilikuwa nimeshakinoa, upande wa kushoto. Akakipokea kwa mkono wa kushoto, mbele yao, na hakuomba radhi.