Kwa Zakayo Wasike, Aliyetusomea Vitabu Barazani

Baba, mwaka umetimia leo tangu asubuhi ile ya Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, ulipotutoka katika nyumba yetu ya landi, makazi ya wafanyakazi wa reli, hapa Nakuru, kifua kikiwa kimekushinda. Mvua ilikuwa haijaanza na vumbi lilikuwa jingi. Waliokuzika wanasema hawajawahi kuona watu wa landi na watu wa mtaa wa Bondeni wakitembea pamoja kwa wingi namna ile.

Ulitoka Kimilili mwaka 1941 ukiwa kijana, ukaajiriwa kugeuza njia za reli yadini, uwanja wa mabehewa, ili kila gari lipite panapolipasa. Ulikuwa mtu wa sauti ndogo. Chai uliipuliza mpaka ikapoa, ndipo ukaanza kulalamika kwamba imepoa. Viatu ulivivua mlangoni hata kama ulikuwa unaingia kuchukua kofia tu. Na hukushika kitabu kabla ya kunawa mikono kwa sabuni.

Vitabu vyenyewe vilikuja kwa bahati. Mwaka 1953 mzungu mmoja wa upande wa Gilgil alikuwa akiuza vitu vyake kwa mnada arudi kwao. Mama yetu, Nanyama, alikuwa mjamzito na alitaka kitanda. Ulipofika huko vitanda vilikuwa vimekwisha. Ukarudi jioni ukiwa na kasha la mbao begani.

“Nilikutuma kitanda,” Mama alisema. “Umeniletea karatasi?”

“Kasha lenyewe ni zuri,” ukajibu. “Mtoto atalala humo.”

Zeddy alilala humo miezi saba, na vitabu ukavitengenezea rafu ukutani. Vingine vilikuwa vimeliwa na mchwa, lakini vinne vilikuwa vizima. Kimoja kilikuwa cha historia ya wafalme wa mbali. Cha pili kilikuwa cha maadili, jinsi mtu anavyopaswa kuishi na wenzake. Cha tatu kilifundisha kumtunza mgonjwa nyumbani. Cha nne kilikuwa cha vinywaji vya kila namna, chenye picha ya gilasi ya divai kwenye jalada. Mama alitaka kukitupa hicho cha nne, maana kanisa letu halitaki pombe, lakini ukamwonyesha kwamba nusu ya kurasa zilikuwa za ndimu, shayiri, tangawizi na maji ya mchele kwa wagonjwa.

Kila Jumapili baada ya ibada ulikaa barazani ukasoma Kiingereza kimoyomoyo, kisha ukatueleza kwa Kiswahili. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, na mtu mwenye vitabu vingi alitazamwa kwa jicho baya. Ndiyo maana ulisomea nje, mchana, ukaeleza kwa sauti, kila apitaye asikie kwamba hapakuwa na siri. Majirani walikuja na viti vyao. Bi Khamisa, mjane wa Bondeni aliyeuza kahawa nyuma ya soko, alikuja na birika lake na maswali yake.

“Baba Eucabeth,” alikuuliza siku moja ulipokuwa katika wafalme, “sisi tumeandikwa ukurasa gani?”

Ulipekua kitabu kizima. Jumapili iliyofuata ulikuja na daftari la shule, ukaanza kuwauliza wazee wa landi majina ya baba zao na mwaka gani walifika kujenga reli. Watu waliokuwa wakisinzia kwa wafalme waliamka. Uliandika madaftari matatu.

Nyongesa alikuwa akikaa mstari wa mbele. Ulitoka naye Kimilili, alicheza kwenye arusi yako, na nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka yetu. Mlifanya kazi pamoja yadini, na mwaka 1955 unyapara ulipobaki wazi, kila mtu alijua utakuwa wako au wake.

Desemba ya mwaka huo ulitengeneza kinywaji cha tangawizi cha Krismasi kwa maelekezo ya kitabu chako cha nne. Uliziba chupa kumi na mbili, ukazipanga chini ya meza. Siku ya tatu moja ilipasuka mchana kwa kishindo, watu wa mstari wetu wa nyumba wakatoka nje wakidhani ni bunduki. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kesho yake msimamizi wa yadi, mzungu, akaja na askari. Nyongesa alikuwa amemwambia kwamba Wasike anapika pombe ndani ya nyumba ya kazi.

“Hii nini?” msimamizi aliuliza, akiinua chupa.

“Tangawizi, bwana. Onja.”

Hakuonja. Macho yake yalikuwa yameona jalada lenye gilasi ya divai. “Na hii kitabu ya pombe?”

Ulifungua kurasa umwonyeshe, naye alikuwa ameshageuka. Wiki ile uliondolewa kwenye njia za reli ukapelekwa kuosha mabehewa ya ng’ombe. Unyapara akapewa Nyongesa. Bi Khamisa alifunga safari mpaka ofisini kukusemea, wakamwambia asubiri nje, akasubiri mpaka wakafunga.

Hayo uliyabeba. Lililokuumiza ni kanisani. Habari zilifika huko nazo, ukaambiwa ukae nyuma na usisimame kuomba mpaka jambo lako liangaliwe. Halikuangaliwa. Kwa karibu miaka miwili ulikaa benchi la mwisho karibu na mlango, mtu ambaye hakuwahi kuonja hata pombe ya busaa ya arusini. Mama alikuwa akigeuka kukutazama wakati wa nyimbo, na anatuambia kwamba kila alipogeuka chuki yake kwa Nyongesa iliongezeka. Alibadili hata njia ya kwenda kuteka maji asipite mlangoni pake.

Aprili 1957 Nyongesa alianguka yadini. Upande wote wa kulia ulipooza, na ulimi ukakataa. Hospitali walikaa naye wiki tatu, wakasema kilichobaki ni matunzo tu. Mkewe alikuwa amefariki na watoto walikuwa kwa nyanya yao Kimilili. Ndugu yake aliandika barua kwamba anakuja kumchukua. Tulimngoja ndugu huyo mwaka mzima.

Siku mbili baada ya Nyongesa kuletwa nyumbani, ulitoka kazini, ukanawa mikono, ukachukua kitabu cha kuuguza kwenye rafu. Mama alisimama mlangoni.

“Unakwenda wapi na hicho?”

“Kwa Nyongesa.”

“Unataka aseme ukweli? Hana ulimi. Umechelewa.”

“Sitaki aseme,” ulimwambia. “Amelalia mgongo tangu juzi. Ngozi yake itaoza.”

“Na kile kitabu chako cha maadili kinasema nini juu ya mtu kama huyo? Hebu nisomee.”

“Kinazunguka sana, Mama Eucabeth. Kurasa arobaini, na mwishoni kinaniuliza mimi.”

“Basi nami nakuuliza.”

“Sijui jibu,” ulisema. “Najua namna ya kumgeuza.”

Ukapita. Mama alisema chakula cha nyumba yake hakitavuka kile kizingiti, nawe hukubishana naye. Ulipika maji ya mchele mwenyewe, ukayaunguza mara mbili, ya tatu yakakubali. Ulimkalisha Nyongesa kwa mito ya magunia ukamnywesha kwa kijiko, kidevu kikiwa kimeinama, kama kitabu kilivyoagiza, asipaliwe. Ulimgeuza asubuhi kabla ya kazi, mchana ulipopata nafasi ya kukimbia kutoka yadini, na jioni. Watu walisema mengi. Wengine walisema unamlainisha akusafishie jina. Wengine walisema umepumbaa. Bi Khamisa peke yake alikuletea mkebe wa mafuta ya nazi kwa ajili ya mgongo wa mgonjwa, akarudi kwenye kahawa yake.

Na Mama? Hakuzungumza nawe siku tisa, ila mambo ya watoto.

Siku ya kumi hukupata nafasi mchana. Kulikuwa na mabehewa mengi ya ng’ombe wa Keringet na huko juu, wakakuzuia. Mama alikuwa anaanika nguo akasikia sauti kutoka nyumba ya Nyongesa. Haikuwa ya kuita, maana hakuweza kuita. Anasema ilikuwa kama ya ndama. Alianika shati moja, akaanika la pili. Sauti ikaendelea. Akaweka beseni chini akaenda, akijiambia anakwenda kutazama tu.

Alimkuta Nyongesa amejichafua, amelala upande mbaya, mkono ule usiopooza umebanwa chini yake, machozi yakiingia sikioni. Alipomwona ni Nanyama, akafumba macho. Mama alisimama pale. Alilifikiria benchi la mwisho kanisani. Alifikiria kurudi nyumbani afunge mlango. Kisha, anatuambia, mikono yake ikaanza kabla moyo haujakubali. Hakujua Kiingereza, lakini alikuwa amekusikia barazani Jumapili nyingi kuliko alivyotaka: shika bega na nyonga, usivute mkono, mwili ugeuke wote kwa pamoja. Akamgeuza. Akamwosha kwa maji ya moto, akabadili shuka, akampaka mafuta ya Bi Khamisa. Akamwambia, “Bado nina hasira na wewe, usifikiri zimeisha,” na Nyongesa akatikisa kichwa kwamba hafikiri hivyo.

Uliporudi uliona shuka za Nyongesa kwenye kamba yetu. Uliziangalia, ukamwangalia Mama, ukavua viatu ukaingia. Mama anasema kama ungemshukuru angekurushia sufuria. Kesho yake alipika maji ya mchele, na hayakuungua.

Kuanzia hapo mlikuwa wawili. Eucabeth, mtoto wako wa kwanza, alijifunza kumnyoosha vidole Nyongesa kimoja kimoja. Agosti Nyongesa akakaa mwenyewe. Oktoba akasimama kwa fimbo. Ulimi ulirudi polepole, kwanza “maji,” kisha “asante,” kisha jina lako, ambalo lilimsumbua kuliko mengine. Hukumwuliza lolote, nasi ulitukataza.

Jumapili ya pili ya Desemba aliomba apelekwe kanisani. Ulimshika mkono huu, Mama akashika ule, mkaketi naye nyuma. Watu walipoulizwa kama kuna mwenye neno, Nyongesa akajisukuma juu kwa fimbo. Ilimchukua muda mrefu, na kanisa zima likageuka.

“Ilikuwa…” alisema. Mdomo ukapinda, akaanza tena. “Ilikuwa tangawizi. Nilionja. Nilijua.”

Akakaa. Watoto wengine walicheka, maana hawakuelewa. Mama hakucheka. Anasema alikutazama, na ulikuwa unatazama mikono yako kana kwamba umepewa kitu kizito na hujui pa kukiweka. Mzee wa kanisa alishuka mpaka benchi la mwisho, akakushika bega, akakuomba usimame uombe. Ulisimama. Uliomba kwa sauti ndogo sana hata watu wa mbele hawakusikia.

Kazini hawakukurudisha. Msimamizi yule alikuwa ameshaenda kwao, na aliyemfuata alisema karatasi ni karatasi, haifutwi. Tulitaka uandike barua, ukasema utaandika. Uliosha mabehewa mpaka Februari, kifua kilipoanza.

Ulipougua, Mama hakuhitaji kusomewa kitabu. Alikukalisha kwa mito, akakunywesha kwa kijiko, akakugeuza. Bi Khamisa alikuja kila alasiri na tangawizi ya moto na asali. Nyongesa alikuja kwa fimbo yake, akakaa kwenye kiti karibu na miguu yako, akiwafukuza nzi kwa mkono ule mmoja mzima. Siku ya mwisho ulimwambia Mama, “Umechoka, Nanyama. Kaa.” Alikuwa hajakusikia ukimwita kwa jina lake tangu Eucabeth azaliwe. Akakaa, ukamshika mkono, na hivyo ndivyo ulivyotutoka.

Baba, tunakukosa wakati chai inapopoa. Tunakukosa Jumapili alasiri, watu wanapopita barazani wakipunguza mwendo. Zeddy anauliza kama unajua kwamba ameanza kusoma. Tunamwambia unajua.

Wanaokukumbuka ni mkeo Nanyama. Watoto wako Eucabeth na Zeddy. Mama yako na ndugu zako wote wa Kimilili. Jirani yako Bi Khamisa wa Bondeni, aliyekusomea dua kwa namna yake. Na majirani wa landi.

Tulipokuwa tukiandika majina haya, Nyongesa alimtuma mtu aulize kama anaweza kuwekwa miongoni mwa ndugu. Tukamwachia Mama ajibu. Zikapita siku mbili. Leo asubuhi, akiwa anapika, alisema bila kugeuka, “Mwandikeni.”

Na ndugu yako, Nyongesa.

Hatupitishi siku bila kukutaja, Baba, wala hatutapitisha.