Nyuzi za Seif

Jumatano, 5 Septemba 2018

Glody kaja dukani nikiwa nabadilisha zipu ya suruali ya mteja. Kaleta bango. Picha yangu ya mwaka 1986 — kofia pana, buti, kiuno bado kipo. Chini yake: KUMUENZI ZUBEDA, MALKIA WA KANTRI. Ukumbi hapa hapa Kensington, sikukuu ya Heritage Day, tarehe 24 mwezi huu.

Kumuenzi. Nikamuuliza nimekufa lini.

Akacheka. Kijana wa Lubumbashi huyu, anapiga kinanda kanisani kwao, ana adabu, siwezi kumchukia hata nikijitahidi. Akanieleza mpango. Mimi nitakaa jukwaani kwenye kiti kilichopambwa, vijana wataimba nyimbo zangu. "Niache Mombo" ataimba Samira.

Samira wangu! Mtoto nikimsalimia Kiswahili ananijibu Kiingereza, ndiye aimbe habari za mwanamke anayeiomba treni imshushe Mombo. Hajui hata kama Mombo ni mji au tunda.

Nikamwambia Glody kiti akakalie yeye. Naimba mwenyewe au bango lishuke.

"Bon, mama," akasema. "Basi kuja jumamosi kwa répétition. Tusikie."

Eti niende mazoezini, wasikie.

Ijumaa, 7 Septemba

Nimemwambia Seif apige pasi shati lake jeusi. Seif ndiye mpiga gitaa wangu tangu Tanga. Hotelini, harusini, kwenye baa za wachimba migodi, na siku hizi kwenye shughuli za Watanzania wenzetu kule Soweto. Mchana ni mlinzi wa duka la vyakula, anakagua risiti za watu mlangoni.

Mimi chombo chochote sijui kupiga. Seif anaanza, nami nafuata. Sijawahi kumuuliza anaanzia wapi. Leo nimemwambia nyuzi zake zinavuma vibaya, zimelegea kama kamba ya nguo. Kasema eish, dada, nyuzi za siku hizi.

Jumamosi, 8 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Seif alipoanza, gitaa na kinanda vikagombana. Glody akasimamisha wote.

"Papa Seif, gitare yako iko chini. Iko chini sana. Sisi tunafuata kaseti."

Seif akajibu gitaa halina shida, washuke wao. Alisema kama mtu aliyeshikwa shati.

Glody akaiweka kaseti yangu ya zamani, tuliyorekodi Tanga, keshaihamishia kwenye kompyuta. Nikajisikia naimba. Miaka mingi sijajisikia, redio yangu ya kaseti iliharibika nikaiacha hivyo hivyo. Yule msichana alikuwa juu kule, juu kabisa, na wala hakuwa na haraka.

Nikaambiwa nijaribu pale pale alipo. Ubeti wa kwanza nikaupita kwa ujanja. Kufika "Mombo" — pale sauti inapovunjika na kuruka, pale watu walipokuwa wakirusha kofia — ikavunjika tu. Haikuruka. Hewa ilitoka.

Kijana wa ngoma akawa anatazama viatu vyake.

Nikamgeukia Seif, nikaelewa. Amekuwa akilegeza nyuzi. Mwaka huu kidogo, mwaka unaofuata kidogo tena. Ananishusha polepole, na mimi natamba kwamba umri haujaigusa sauti yangu. Nimetamba mpaka redioni! Mbele yake, naye akitikisa kichwa kukubali. Amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mtu ninayemwita ndugu.

Nje, tukisubiri robot ya njia panda iwake kijani, nikamuuliza tangu lini.

"Tangu mwaka ule ulipoumwa koo," akasema. "Samira alikuwa bado primary. Ulikuwa ukimaliza kuimba unalia, dada. Nikalegeza, ukaacha kulia. Nikaendelea."

Nikamwambia asinijie tena na gitaa lake. Akasema sawa. Hata kujitetea hakujitetea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 9 Septemba

Samira alijua. Tangu mdogo! Kanieleza kwa Kiingereza huku anaosha vyombo: kila mtu anayejua muziki alijua, alidhani na mimi najua. Kisha akaongeza kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Mama, si mbaya. Watu wanapenda."

Si mbaya. Maisha yangu yote, na mwanangu ameyapa maksi.

Alhamisi, 13 Septemba

Nimejaribu dukani, mlango nimefunga, cherehani naikanyaga jirani asisikie. Mombo. Mombo. Hewa.

Jumanne, 18 Septemba

Nimempigia Glody. Kiti nakubali. Kashukuru sana, itakuwa heshima kubwa, mama. Heshima hiyo wangepeleka makaburini.

Samira anafanya mazoezi chumbani kwake. Ukuta ni mwembamba. Anafika. Anafika pale pale alipofika yule msichana wa kaseti, na wala hana haraka. Namwonea wivu mwanangu. Basi, nimeliandika.

Baadaye kaja kuuliza Mombo ni nini. Nikamwambia ni stesheni. Ndipo mama yangu alipoishia kunisindikiza, akashuka, treni ikanichukua. Akanitazama sana. Nikamwambia akalale.

Jumatatu, 24 Septemba

Chumba cha nyuma ya jukwaa. Daftari liko gotini. Ukumbi umejaa, Wakongo na Watanzania, wengine wametoka mbali, kule Diepsloot. Kiti wamekifunga riboni za zambarau. Nimekiona.

Seif kaingia sasa hivi. Sikumwita. Samira ndiye aliyemwita, yuko nyuma yake mlangoni kashika kofia yangu. Seif kavaa shati jeusi, kapiga pasi.

"Nimeweka nyuzi mpya," kasema. "Nimezikaza mpaka pale pale pa Tanga. Niziache, au nilegeze?"

Nikamwambia haoni? Mimi ni wa kukaa kitini, Samira anaimba.

"Najua. Nakuuliza hivyo hivyo."

Nikamtazama Samira. Akasema, "Wewe, Mama. Mimi baadaye," akanivika kofia. Inanibana kidogo.

Miaka yote hii Seif hajawahi kuniuliza. Wala sikutaka kuulizwa. Nimemwambia asubiri, namalizia kuandika. Uongo, hakuna cha kumalizia. Naogopa.

Glody anaita jina langu kwenye kipaza sauti. Malkia. Watu wanapiga makofi. Anaita tena.

"Dada. Juu au chini?"

Nimesema legeza, nitakuambia pa kuishia. Ameanza kuzungusha, jicho lake kwangu. Nausikia uzi ukishuka, unashuka, na bado sijamwambia basi.