Siku Umeme Ulipokatika kwenye Sinema ya Jinja

Mjukuu wangu Rehema,

Pokea salamu zetu kutoka Nabuyonga. Mguu wa mama yako umepona, na babu yako bado anagombana na redio. Umeniuliza kama ni kweli niliuza tiketi za sinema Jinja wakati wa vita. Ni kweli.

Alasiri moja tulionyesha filamu ya makaboi waliokuwa wanaswaga ng'ombe, wakasikia habari za dhahabu. Ukumbi ulijaa askari waliorudi kutoka vitani kwa mapumziko mafupi. Ng'ombe wakiwa katikati ya mto, umeme ukakatika.

"Washa!" askari mmoja akafoka gizani, nikasikia bunduki ikikokiwa. Mwenye sinema alishakimbia. Nikasimama mbele na tochi yangu.

"Afande, filamu hii naijua. Nitawasimulia."

Nikaeleza nani alipata dhahabu na nani aliuawa. Yule askari akanikatiza. "Mama, wacha dhahabu. Ng'ombe je?"

Sikukumbuka. Nadhani filamu yenyewe iliwasahau. "Walivuka wote, afande. Hata ndama."

"Wakafika?"

"Wakafika."

Akakaa. Nami nikaendelea kuwasimulia malisho ambayo sijawahi kuyaona.

Walipotoka, yule askari akasimama mbele yangu. Nilidhani atanipiga. Akaniuliza kwa sauti ya chini njia ya kwenda Mbale isiyo na kizuizi cha jeshi, kwa sababu kwao, kwa wafugaji, ni mbele ya huko. Nikamwambia apitie Budondo.

Bunduki aliiacha chini ya kiti.

Ule vizuri huko uliko.

Bibi yako