Michembe ya Mwaka Huu

Nyarugusu

Dada Zipora, shikamoo. Msalimie mwanao Bernadina na mimba yake.

Unalalamika kwamba nimekuwa bahili, gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, halijafika Tinde. Bahili nilizaliwa hivyo, ila safari hii nisamehe. Viazi vimenenepa kama mimi. Wataalamu walipima udongo wa shamba letu, pale chini ya mialo ya kuoshea dhahabu, wakakuta zebaki. "Msile," wakasema, wakaondoka. Sisi tunakula, tule nini kingine? Lakini michembe ya mwaka jana ikiwa imebaki, ifukie. Bernadina asionje.

Mwandiko usikutishe. Mkono ninaokamulia zebaki kwenye dhahabu unatetemeka siku hizi, ingawa hata shuleni ulisema naandika kama kuku anayeparura.

Mdogo wako mnene,
Maduhu