Salopeti ya Tata Godefroid

Musonoi, tarehe 3 mwezi wa kumi 2024

Kwako Shekina, mujukulu yangu,

Jambo. Uko namna gani? Unakula? Mi niko muzima, goti tu njo inanisumbua mvua ikikaribia. Usinipigie tena ku telefone. Sikio ya kuume ilikufa, na ya kushoto inasikia tu yenye inapenda. Andika, umupe Mechack, mwenye anaendesha bisi ya Lubumbashi, nitasoma polepole.

Barua yako nimesoma mara tatu. Historia pale Lubumbashi nilikubali. Sasa unaongeza masomo ya pembeni, ya musée, ile nyumba ya kuchunga bitu bya zamani, na banakuomba uchague mawili mu nne: kulinda bitu bisioze, kupokea bageni, kupanga bitu mu bioo, kukusanya maneno ya bazee. Na unaniuliza miye, mwenye nilitoka ku masomo mwaka wa tatu juu ya kulea bandugu yangu.

Haya, nakujibu. Kupokea bageni habafundishi mutu. Unaleta kiti, unaleta maji, kwisha. Maneno ya bazee iko hapa mu kinywa yangu, profesa wa nini? Chagua kulinda bitu. Njo kazi ya mutu mwenye akili.

Ulipokuwa na miaka sita uliokota bifuniko bya chupa, ukaomba mama yako akuandikie tarehe ku kila kimoja. Niliona. Sikukuambia juu ungeanza kujivuna.

Nkambo yako, Ntambwe


Lubumbashi, tarehe 12 mwezi wa kumi

Nkambo yangu mupendwa,

Jambo yako, na jambo ya goti. Mi niko muzima na ninakula, hata kama hautaamini.

Nimefuata shauri yako. Lakini somo la kulinda bitu liko na nafasi kumi na mbili, na tuko batu arobaini. Profesa Tshiamala anataka kila mutu alete kitu kimoja cha kazi kutoka kwao. Atachagua kwa kuangalia hicho. Mwisho ni tarehe 30.

Nkambo, naomba salopeti, ile nguo ya kazi ya bwana yako, Tata Godefroid, yenye alivaa siku yake ya mwisho ku shimo ya madini. Iko mu sanduku ya bati chini ya kitanda yako. Nitaichunga sana na nitairudisha.

Mujukulu wako, Shekina


Musonoi, tarehe 22 mwezi wa kumi

Shekina,

Jambo. Hauko na haya. Miaka kumi na tisa tangu alikufa, sanduku ile mi peke yangu njo nafungua, na weye unaomba sawa vile unaomba chumvi.

Nimeitoa. Nimeona vumbi ya shimo, mafuta ya mashini ku magoti, weusi wa jasho ku shingo. Nikasema, mujukulu yangu asimame mbele ya profesa na uchafu huu? Batasema banamuke ba Musonoi habajue sabuni. Nimefula mara tatu. Nimepiga pasi ya makaa, musitari mu miguu. Tundu ya kiwiko nimeshona. Sasa inaweza kusimama yenyewe.

Ukiulizwa, jua hivi. Kiraka cha goti nilitia mwaka mama yako Marie alizaliwa. Nilikata mu pazia yetu ya maua. Benzake balimucheka. Alisema, "Huyu ni muke yangu, amekaa ku goti." Kifungo cha tatu si cha kwake. Ni cha Polycarpe, rafiki yake, mwenye udongo ulimufunika. Godefroid alimuomba mujane kifungo kimoja tu. Na mufuko wa kushoto umelegea juu kila siku alirudi na nusu ya mukate wa kantini. Alisema hana njaa. Aliongopa. Nilijua, na nilikula.

Karatasi hii usionyeshe mutu. Maandiko yangu ni mabaya.

Nkambo yako


Musonoi, tarehe 10 mwezi wa kumi na moja

Shekina,

Jambo. Barua haifike. Mechack anasema uko muzima lakini ukimuona unaangalia chini. Ulifanya nini? Ao nilifanya nini?

Nkambo


Lubumbashi, tarehe 15 mwezi wa kumi na moja

Nkambo,

Jambo yako. Unisamehe, nimechelewa kuandika.

Profesa alishika salopeti, akainusa, akauliza, "Nani amefula?" Alisema vumbi na mafuta ile njo ilikuwa kazi ya Tata, njo ilitakiwa kulindwa. Sikupata nafasi. Nilikuwa na hasira na weye, nakuambia kweli.

Alipokunja salopeti, karatasi yako, yenye nilificha mu mufuko, ikaanguka. Aliiokota, akaisoma kwa sauti mbele yetu bote. Alipofika ku mukate, alitoa miwani ku macho. Kisha akaniambia, "Kwenu kuko mutu mwenye analinda bitu kushinda sisi. Nenda umusikilize."

Nimechagua kukusanya maneno ya bazee. Somo la pili bado sijachagua. Nitakuja Noeli na kitabu kisichoandikwa kitu. Utakubali nikuulize?

Mujukulu wako, mwenye hasira imekwisha


Musonoi, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja

Shekina, mutoto ya Marie,

Jambo. Goti inaendelea.

Siku mbili sikutoka inje. Nilifungua sanduku, nikanusa salopeti yenye Mechack amerudisha. Kuko harufu ya sabuni tu. Bwana yangu nilimumwaga mu maji na mukono yangu, juu ya kuogopa batu baseme. Hilo uandike ku ukurasa wa kwanza, usilifunike.

Mwambie profesa yako karatasi ya mutu habasome bila ruhusa. Kisha mwambie aksanti.

Somo la pili, chagua kupokea bageni. Nilisema habafundishi, lakini ku Pasaka ulipita mbele ya Abigaël wa jirani bila kusema jambo, kumbe banapaswa kufundisha.

Kitabu chako nitakijaza, na ukichoka nitakuangalia vibaya. Umesoma kunipita, na haukuniongopea. Babu yako angejivuna. Mi najivuna kwa ajili yetu sisi babili.

Nimemupa Mechack kaske ya Godefroid, ile kofia ngumu ya kazi, akuletee. Ndani kuko mukanda wa ngozi, mweusi wa jasho ya kichwa yake. Harufu yake yenye imebaki iko pale tu. Nimeifunga mu magazeti matatu, Mechack asione. Mukono wangu ulienda ku sabuni mara mbili. Niliurudisha.

Nkambo yako